Tandiko lipo, farasi hayupo

Shela hakufa, hakuuzwa wala hakutoroka. Alikuwa chini yangu, hatamu mkononi, kimebaki kilima kimoja tufike bandani, umeme ukakatika Kisauni yote. Uliporudi niliingia kwenye gemu mbio mbio, hata taa sijawasha, nikajikuta nimesimama peke yangu katikati ya nyasi. Farasi hayupo. Nikafungua orodha ya farasi wangu, hayupo. Nikapiga ule mluzi wa kuwaita, akaja yule mwekundu wa kuanzia ambaye kila mchezaji hupewa siku ya kwanza. Akasimama mbele yangu anangoja kupandwa. Nilitaka kulia, na sioni aibu kusema hivyo.

Jina la gemu silitaji. Anayeicheza ataijua kwa farasi wake wa porini, maana hayo mengine, mashindano, nguo, nyumba za kupamba, yapo kwenye gemu zote. Farasi wa porini ndio walionivuta, na ndio walionitia hasira hii niliyo nayo mpaka leo.

Mimi ni mtoto wa Lamu. Babu alikuwa na punda watatu wa kubeba mchanga wa ujenzi unaoshushwa majahazini, na kabla sijaanza shule alishanifundisha adabu yao. Punda humwendei kwa nyuma. Humkazii macho. Mkono huunyanyui juu ya kichwa chake. Unamjia ubavuni, unamsemesha taratibu, na akilaza masikio nyuma unasimama hapo hapo ulipo, hata kama mguu mmoja uko hewani. Babu hakuwahi kupigwa teke hata siku moja, na alikuwa mzee wa kujisifia hilo barazani. Farasi lakini, kwetu pwani ni mgeni. Inzi wa ndorobo na ugonjwa wanaoueneza hawakumpa nafasi ya kuzoea sehemu kubwa ya nchi zetu, kwa hiyo mtu kama mimi anaweza kuishi umri wake wote na asiguse shingo ya farasi.

Sasa mpwa wangu, ana miaka 11, akaja likizo moja na hii gemu. Nikaketi nyuma yake namtazama. Nikamwona anamwendea farasi wa porini moja kwa moja, tena kwa mbio, farasi akatimka na kundi zima likamfuata. Nikamwambia, mwanangu, mjie ubavuni. Akajaribu. Farasi akainua kichwa, akalaza masikio, nikamwambia simama. Akasimama. Masikio yakarudi mbele. Vinyweleo vilinisimama mwili mzima. Waliotengeneza kitu hiki wanamjua mnyama, nilijisemea. Adabu ya babu yangu imo humu ndani, imewekwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Lamu.

Tangu siku hiyo tukawa tunacheza wote. Tulikusanya wale weupe wa Camargue, kule kusini mwa Ufaransa, wanaokimbia kwenye mabwawa na maji yakiwarukia mpaka tumboni. Watoto wao huzaliwa weusi au wa kahawia, weupe huja wakikua, na gemu imewaweka hivyo hivyo, mama mweupe na kitoto cheusi ubavuni. Tulikwenda jangwa la Namib, nchini Namibia, kwenye kile kisima cha Garub kilichochimbwa kwa ajili ya garimoshi za mvuke, ambapo farasi wa jangwani huja kunywa hadi leo. Tulimpata mustang mmoja, farasi wa porini wa Marekani, huko Nevada. Hao wote walifika bandani salama kwa sababu mabanda yao yako karibu. Hilo sikulitilia maanani wakati ule.

Niliyekuwa namtaka hasa ni takhi wa Mongolia, yule ambaye wazungu humwita farasi wa Przewalski. Mtu wa huku akimwona kwa mara ya kwanza atadhani ni punda milia aliyeoshwa milia ikatoka. Singa za shingoni zimesimama wima kama brashi, hana kishungi cha kumwangukia usoni, tumbo na pua ni vyeupe, miguu myeusi, na mstari mmoja wa giza umepita mgongoni mpaka mkiani. Porini alionekana mara ya mwisho mwaka 1969, huko jangwa la Gobi. Akabaki kwenye bustani za wanyama tu. Takhi wote walio hai leo wanatokana na farasi wapatao 12 waliokuwa wamekamatwa porini, na kuanzia 1992 ndipo wakaanza kurudishwa kwao Mongolia, kwenye hifadhi ya Hustai. Kizazi kizima kimepita kwenye tundu la sindano namna hiyo. Najua takhi wa kweli si wa kupandwa. Wamongolia wana farasi wao wa kufuga na hao ndio wanaopanda. Lakini gemu inaruhusu, na mimi nilimtaka.

Nilimfuata kwa muda wa wiki tatu, usiku baada ya kazi. Kundi lao hutokea alfajiri ya mle ndani, kando ya mto, na dume lao halilali. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda kwao umeshajulikana. Nilimchagua jike mmoja wa rangi ya mchanga, sikio lake la kushoto lina pengo dogo kama limeng'atwa. Rangi ile ni ile ile ya vilima vya mchanga vya Shela, kule kwetu Lamu, jua likianza kushuka, ndiyo maana nikampa jina hilo kabla hata sijamgusa. Mpwa alisema ni mkosi kumpa jina mnyama ambaye si wako. Nikamwambia atakuwa wangu.

Siku ile nilikuwa nimeshatambaa kwenye nyasi kwa kitambo kirefu. Hatua moja, nangoja. Mpwa ameshika ukingo wa meza, hapumui. Mara akaninong'oneza, "Mjomba, masikio! Masikio!" Nikaachia kila kitu. Shela alikuwa amelaza masikio yote mawili, jicho moja linanitazama, ngozi ya begani inatetemeka kama anayefukuza inzi. Sikusogea. Sikio la kulia likaja mbele. Lile lenye pengo likabaki nyuma kwa muda, halafu nalo likaja. Nikamgusa shingo.

Kumpanda ni vita nyingine. Anaruka, anajipinda, anainamisha kichwa kati ya miguu, nawe inabidi uegemee kinyume cha upande anaotaka kukutupa. Alishanitupa mara nne siku zilizotangulia. Safari hii akachoka kabla yangu, akasimama, akatoa pumzi ndefu, na mvuke ukaonekana kwenye baridi ile. Nikamgeuza, tukaondoka kwa mwendo wa kawaida, kisha akaanza kupiga shoti mwenyewe bila kuombwa. Mlio wa kwato ulibadilika kutoka nyasi kwenda kokoto kwenda maji. Tulivuka mto. Mpwa wangu alikuwa amesimama kwenye kiti anapiga makofi.

Halafu giza.

Nisingeandika lolote kama mambo yangeishia hapo. Umeme wetu ni wetu, siwezi kumlaumu mtu wa nchi nyingine kwa umeme wa Kisauni. Niliwaandikia huduma kwa wateja kwa heshima zote. Nikaeleza saa, mahali, alama ya sikio, nikaambatanisha na picha ambayo mpwa alikuwa ameipiga kwa simu, Shela anaonekana vizuri na mimi nipo juu yake. Jibu likaja baada ya siku kadhaa, kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili lilikuwa hivi: farasi wa porini huhifadhiwa akishafika bandani, farasi ni wengi, rudi ukamshike mwingine. Mwishoni wakaweka kile kiuso cha njano kinachocheka.

Farasi ni wengi!

Nyinyi ndio mlioandika kwenye ukurasa wenu wa takhi kwamba ni adimu. Nyinyi ndio mlionifanya nikae wiki tatu kando ya mto. Mmempa kila mmoja alama yake, huyu pengo la sikio, yule kovu la goti, makusudi ili mtu amjue wake na ampende, halafu nikiwaambia nimempoteza wangu mnaniambia nichukue mwingine kama nyanya sokoni. Na mnanichekea. Niliandika mara ya pili, nikauliza swali moja tu: kwa nini hakuna mahali pa kuhifadhi njiani? Hawakujibu. Nikaona wameandika kwamba suala langu limefungwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pananichoma. Mchana wa siku ile ile, nikiwa na uhakika kwamba leo nitampata, nilinunua tandiko jekundu la Kimongolia kwa pesa halisi, nikalipa kwa simu. Lilihifadhiwa papo hapo. Umeme umekatika, umerudi, tandiko limo kwenye mkoba wangu, halijapungua hata uzi. Kwa hiyo wanajua kuhifadhi. Kitu nilichowalipa wakakilinda, kitu nilichokihangaikia kwa siku na siku wakakiacha kipeperuke. Tandiko lipo, farasi hayupo. Kila nikifungua ule mkoba naliona.

Mpwa wangu ana kawaida ya kusoma kila kitu kuhusu farasi, naye ndiye aliyenisimulia habari za mama mmoja wa Nevada, Velma Johnston. Mwaka 1950 alikuwa barabarani anaendesha gari, mbele yake kuna lori linavuja damu. Akalifuata. Kumbe limejaa farasi wa porini waliofukuzwa na kukamatwa, wanapelekwa kuchinjwa. Mama yule hakunyamaza tena. Watoto wa shule waliandika barua kwa maelfu kumuunga mkono. Mwaka 1959 ikapitishwa sheria ya kukataza kuwawinda kwa magari na ndege kwenye ardhi ya serikali kuu, na 1971 ikaja sheria kubwa zaidi ya kuwalinda. Naikumbuka hadithi hiyo kila nikisoma lile jibu. Ukitaka kutengeneza gemu ya farasi wa porini, angalau mwenye kujibu barua awe mtu anayeelewa kwa nini mama yule aligeuza usukani akalifuata lori.

Kwa hasira nilianza kuandika kwamba hata michoro yao ni mibovu. Nimeifuta sentensi hiyo kwa kuwa si kweli. Michoro ni mizuri kupita kiasi. Alfajiri ya ule mto sijaiona kwenye gemu nyingine yoyote, na mimi nimecheza nyingi. Nikaandika pia kwamba kuwafuga ni rahisi mno, nayo nikaifuta, maana ugumu wake ndio utamu wake. Kilichobaki ni kwamba mabanda yako mbali mno na takhi, kwamba hakuna hema wala zizi la muda njiani, na kwamba mtu akilalamika hajibiwi kiutu. Je, hayo yanatosha kuwaambia watu wasiicheze? Juzi nilisema ndiyo, na nilimwambia jirani yangu aifute kwenye simu ya binti yake. Leo nimepita kwake, nimemwambia kama hajaifuta basi aiache, ila binti asiguse takhi mpaka wawe na betri nzuri. Na asinunue tandiko.

Nyota moja niliiweka siku ile. Bado ipo, sijaibadilisha. Nikiwaza alfajiri ya ule mto naona wanastahili nne, nikikumbuka kile kiuso kinachocheka narudi kwenye moja.

Jana usiku mpwa alikuja, tukaingia. Sikwenda kwa nia ya kumshika yeyote, nilitaka tu kuuona mto. Kundi lilikuwa pale pale, dume limesimama juu kidogo, wengine wameinamisha vichwa. Wa rangi ya mchanga walikuwa wawili. Mmoja alikuwa ametupa ubavu wa kulia, kwa hiyo sikio la kushoto halikuonekana, na nyasi zilikuwa zinamficha mpaka mabegani.

"Mjomba, ndiye?"

Nikamwambia sijui. Tulikaa mbali, upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwetu, tukangoja ageuke. Hakugeuka. Jua la mle ndani likachomoza lote, kundi likavuka mto na kupotelea nyuma ya kilima. Fundi ameniambia betri ya kompyuta itafika Alhamisi.