Kununua Nyoka wa Misonobari: Yupi Umchukue, na Umtambueje

Kwa anayeishi Marekani na anatafuta nyoka wake wa kwanza wa misonobari, ushauri wangu ni huu: mchukue wa kaskazini, wa rangi ya kawaida, aliyezaliwa mikononi mwa mfugaji, na usitoe pesa kabla ya kuonyeshwa wazazi wake. Wengine wote nawapanga chini yake.

Nyoka huyu kitaalamu huitwa Pituophis melanoleucus. Hana sumu, hula panya na wanyama wengine wadogo kwa kuwabana, na mkubwa huwa na urefu wa sentimita 120 hadi 170, wengine wakipita mita mbili. Ana nususpishi tatu, yaani makundi matatu ndani ya spishi moja: wa kaskazini, wa Florida na mweusi. Wa Louisiana, aliyewahi kuhesabiwa kuwa wa nne, sasa ni spishi yake mwenyewe, Pituophis ruthveni, ingawa kwenye maonyesho ya reptilia utamkuta meza moja na wenzake.

Kabla ya majina, tazama mwili. Usianze na rangi, anza na mabaka: yanaanzia wapi na yanasomeka kiasi gani? Wa kaskazini ana mabaka meusi au ya kahawia iliyoiva juu ya ngozi nyeupe au ya kijivujivu, na nyuma ya mwili yanaonekana wazi kabisa. Wa Florida ni wa rangi ya mchanga au kutu; mabaka ya mbele yamefifia kama yamesuguliwa, na huanza kusomeka vizuri kuelekea mkiani. Mweusi ni mweusi juu na chini, pengine na wekundu wa kutu puani, na mabaka hafifu karibu na mkia. Wa Louisiana ana mabaka machache na makubwa, yale ya shingoni yakiwa yameungana na kuchafuka, lakini ya mkiani yametengana safi.

Shida ni kwamba vifaranga hudanganya. Kifaranga wa Florida anaweza kuwa na mabaka yanayosomeka vizuri, yafifie anavyokua. Mweusi naye akiwa mdogo huonyesha mabaka ambayo baadaye yanazama kwenye weusi. Ndiyo maana nasisitiza wazazi: picha ya kifaranga wa mwezi mmoja haithibitishi nususpishi. Isitoshe, nususpishi hizi hukutana porini. Wa kaskazini na wa Florida huchanganyika katika majimbo ya South Carolina na Georgia, na wa Florida na mweusi huchanganyika kusini mwa Alabama. Nyoka mwenye weusi wa nusunusu anaweza kuwa chotara halali wa maumbile, lakini asiuzwe kwa bei ya mweusi kamili.

Chunguza pia kama hajachanganywa na nyoka fahali, ndugu yake wa magharibi. Huyo kwa kawaida ana umanjano, mabaka mengi zaidi, na mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni hadi pembe ya mdomo. Ukiona mstari huo umekolea kwa nyoka anayeitwa wa kaskazini, uliza maswali.

Sasa mpangilio wangu.

Wa kwanza ni wa kaskazini wa kawaida. Amefugwa vizazi vingi, anapatikana kwa urahisi, na ndiye ambaye asili yake ni rahisi kuthibitisha. Wafugaji makini hukuambia hata eneo la ukoo, kama vile New Jersey au South Carolina. Hao wa New Jersey wamechunguzwa kwa miongo na watafiti Joanna Burger na Robert Zappalorti katika misitu ya Pine Barrens, ambako majike huchimba wenyewe mashimo ya kutagia kwenye mchanga ulio wazi. Tabia hiyo ni adimu kwa nyoka, na inakueleza cha kumwekea: tabaka nene la kuchimbia, si karatasi tupu.

Wa pili ni wa kaskazini wa rangi za ufugaji: albino na asiye na mabaka. Ni wazuri sana, nakubali. Ualbino hurithiwa kwa jeni fichu, hivyo kifaranga lazima aipate kwa baba na mama. Wabebaji wawili, yaani nyoka wa rangi ya kawaida wenye nakala moja tu ya jeni hiyo, wakizaa, kwa wastani mmoja kati ya wanne atakuwa albino, na kati ya ndugu wenye rangi ya kawaida, wawili kati ya watatu watakuwa wabebaji bila dalili yoyote ya nje. Muuzaji akikuongezea bei kwa sababu ya "huenda ni mbebaji", nawe huna mpango wa kuzalisha, kataa. Unalipia kitu ambacho hutakiona kamwe.

Wa tatu ni wa Florida. Ni mtulivu kwa macho, na wasio na mabaka hupendeza mno, lakini jimbo la Florida limemworodhesha kuwa hatarini, hivyo hati za uhalali wake ni lazima.

Wa nne ni mweusi, ambaye nampenda kuliko wote kwa sura. Jina lake la kisayansi, lodingi, linamkumbuka Henry Löding wa Mobile, Alabama. Tangu 2015 analindwa na sheria ya shirikisho, kwa kuwa misitu ya misonobari ya majani marefu aliyoitegemea imekatwa. Uliza habari za vibali kabla ya kulipa, hasa kama atavuka mpaka wa jimbo.

Wa Louisiana simpendekezi kabisa. Analindwa tangu 2018, hutaga mayai machache, mara nyingi 3 hadi 5, na bustani za wanyama kama ya Memphis na ya Fort Worth huwazalisha ili warudishwe katika Msitu wa Kitaifa wa Kisatchie. Kila mmoja ana kazi huko.

Sheria za majimbo hazifanani. Georgia huzuia kufuga nyoka wa asili wasio na sumu, na New Jersey hudai kibali. Soma ya jimbo lako kwanza.

Siku ya kununua, usimkatae kifaranga kwa sababu ya kelele. Nyoka hawa wana kipande cha gegedu mbele ya njia ya hewa kinachokuza mfoko wao, na hata mwenye afya njema atakufokea. Kinachokupasa kukagua ni pua kavu, macho safi, mwili usio na mifupa inayochomoza, na daftari la milo linaloonyesha kwamba anakula panya walioyeyushwa kutoka kwenye friza.