Mizani ya kidijitali ya kilo 30: nimeitumia buchani tangu Kwaresma

Nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 95,000. Kabla sijaisifu wala kuiponda, niseme kilichonipeleka huko, maana ile ya mawe niliyokuwa nayo haikuwa mbovu.

Chini ya sahani ya nyama nilikuwa nimebandika sumaku ya gramu 70, imefunikwa na mafuta yaliyoganda hivi kwamba hata mteja akiinama haioni. Wakala wa Vipimo wakija na stika zao, nainyofoa naitia mfukoni. Wakigeuza gari, inarudi. Nilikuwa najiambia ni kitu kidogo. Mama ntilie wa kilo tano kweli hata hasikii. Lakini mtoto anayetumwa robo na bibi yake naye nilimpunja gramu 70 zilezile: anaondoka na 180, amelipia 250.

Kwaresma ya 2025 ilianza Machi 5, Ramadhani nayo ndiyo kwanza imeingia. Mchana hapa Tabata bucha ni mimi na nzi. Ijumaa moja, baada ya Njia ya Msalaba, nikakaa foleni ya kitubio, mwaka wa saba sijaungama. Nikazitaja dhambi mbiombio, ya mizani nikaichomeka katikati, kama tunavyochomeka mfupa kwenye steki. Padre akanikatiza.

"Hiyo sumaku sasa hivi iko wapi?"

"Iko dukani, Padre."

"Na kesho asubuhi ukifungua?"

Nikanyamaza. Malipizi yakawa Zaburi ya 51, na ninaowajua niwarudishie chao. Nisiowajua, chao kiende kwa maskini. Usiku uleule nikaing'oa kwa kisu, tochi ya simu mdomoni. Ila mizani ya mawe unaisoma wewe mwenye duka, na mimi najijua. Ndiyo maana nikataka yenye kioo pande mbili.

Na kioo ndicho kilichonifurahisha zaidi. Mteja anasoma uzito, bei ya kilo na jumla yake, namba nyekundu kubwa, bila kurefusha shingo. Ubishi umeisha. Wiki ya kwanza nilikuwa natupia kipande cha ziada kwa wateja wangu wa robo, kulipa lile deni. Bibi mmoja akarudi mwenyewe kuniuliza kama sijakosea. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza. Nikamwambia ni Kwaresma.

Kuna kitufe kimeandikwa TARE. Unaweka karatasi ya kufungia, unakibonyeza, inasoma sifuri, ndipo unaweka nyama. Miaka yote nimeuza karatasi kwa bei ya nyama, na hilo wala sikulitaja kwenye kitubio kwa sababu sikujua kuwa ni dhambi. Sasa najua.

Mapungufu yapo. Muuzaji aliniapia kwamba chaji inakaa siku mbili. Umeme ukikatika asubuhi, saa nane mchana imezimika na narudi kwenye mawe. Vitufe havipendi mafuta, cha namba 5 kilianza kugoma mwezi wa pili wa kuitumia, sasa nimekivisha nailoni. Na feni ikiielekea, namba zinacheza: 245, 250, 245. Mtoto wa robo hapo anasimama anasubiri zitulie, amekazia macho kama anaangalia mpira. Nikizima feni zinatulia, yeye ndiye anayeniambia, "Tayari, funga."

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya chaji. Ukienda kununua, beba jiwe lako la kilo moja uipime mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela. Akinuna, nenda duka la jirani.