Jumba la Makumbusho la Kreta ya Ries, Nördlingen: nyota tano

Nimefanya kazi miaka sita kwenye banda la sampuli za uchorongaji, yaani vipande vya mwamba vinavyotolewa ardhini kwa mashine, Kanda ya Ziwa, kwa hiyo safari hii ya kusini mwa Ujerumani niliingoja sana. Mji mzima wa Nördlingen umekaa ndani ya Kreta ya Ries, shimo lenye upana wa kilomita kama 25, lililochimbwa na kimondo miaka karibu milioni 15 iliyopita. Jumba lenyewe, lililofunguliwa 1990, liko ndani ya ghala kongwe.

Wageni wengi hukimbilia jiwe la mwezini lililoletwa na safari ya anga ya Apollo 16. Litazameni, ni halali yenu. Mimi nilikuwa na hamu na kisima cha utafiti cha 1973. Walichoronga hadi mita 1,206: juu, mita 300 na ushee ni tope la ziwa lililojaa humo baadaye, chini yake ni suevaiti, mwamba uliozaliwa na mgongano wenyewe, kisha mwamba mama uliopondekapondeka.

Sampuli za kisima hicho zinatunzwa na kituo cha utafiti cha ZERIN, mjini humo humo. Niliandika barua pepe mapema, nikakubaliwa. Nilipofuta kipande cha suevaiti kwa kitambaa chenye maji, rangi ikafunguka: kijivu cha majivu, na ndani yake vipande vyeusi vya kioo vilivyovutika kama unga uliokandwa, yaani mwamba ulioyeyuka ukagandia njiani. Kipande cha chini zaidi kilikuwa na mistari inayotawanyika kutoka ncha moja kama ufagio wa chelewa. Nikakinyamazia. Mistari hiyo huchorwa na wimbi la mshtuko likipita ndani ya jiwe, volkano haiwezi.

Na zamani wengi waliamini hapa palikuwa na volkano, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanajiolojia Eugene Shoemaker na Edward Chao walipoonyesha kwamba suevaiti ina koesaiti, yaani madini ya kwatzi yaliyobanwa kwa shinikizo kubwa mno, ambalo volkano haiwezi kulitoa.

Kilichonigusa zaidi ni utunzaji. Mgodi nilikoanzia kazi, makasha ya sampuli yaliachwa mvuani yakaoza, na namba za kina zikafutika kwenye vibao. Sampuli isiyojulikana imetoka mita ya ngapi imebaki kokoto tu, na fedha ya kuichoronga imekwenda na maji. Hapa, kipande cha mita 400 bado ni cha mita 400 baada ya nusu karne. Wanafunzi wa jiolojia walioko Ulaya, ombeni kuziona.

Mkitoka, nendeni kanisa la Mtakatifu Georg. Mnara wake, Daniel, una urefu wa mita kama 90. Pandeni mtaona vilima vya ukingo wa shimo vimeuzunguka mji. Ila kabla ya kupanda, sogeeni ukutani. Umejengwa kwa suevaiti, na vile vipande vyeusi vya kioo vimo humo, usawa wa macho.