Niliambiwa Nisiguse Shingo: Uzoefu Wangu Katika Ranchi ya Kulungu, Texas

Natoa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya mpishi. Ranchi yenyewe sitaitaja jina kwa kuwa bado tunaandikiana barua, lakini iko kwenye vilima vilivyo magharibi ya San Antonio, nayo ni miongoni mwa zile zilizozungushiwa uzio wa futi nane ili kulungu wa ndani wasitoke na wa nje wasiingie. Bei, vyumba na bunduki za kukodi mtu yeyote anaweza kuvisoma katika tangazo lao, kwa hiyo sitavirudia. Ninachotaka kueleza ni jambo lililochukua dakika chache tu, jua likikaribia kuzama, wakati mnyama wangu alipokuwa chini na bado anapumua. Nilikwisha kuchomoa kisu. Mwongozaji wetu akanidaka mkono na kuniambia, kwa sauti ambayo watu huitumia kumkemea mtoto, kwamba nisiguse shingo.

Ieleweke kwamba hatukuwashtukiza. Nilipopiga simu kuweka nafasi nilimweleza mhudumu wa ofisini kwamba mimi na shemeji yangu ni Waislamu, kwamba tunakwenda kutafuta nyama kwanza na pembe baadaye, na kwamba mnyama akianguka akiwa hai tutamchinja wenyewe. Alijibu kwamba hakuna tatizo, na akaongeza kuwa wamekwisha kupokea wageni kama sisi. Shemeji alitaka pembe za kutundika sebuleni, na hilo nalo tulilimaliza mapema: tungechukua fuvu lililochemshwa na kusafishwa pamoja na pembe zake, basi. Kwa asiyeijua kazi hii, hapo pana tofauti kubwa. Anayetaka kichwa kizima, chenye manyoya na macho ya kioo, anahitaji ngozi ya shingo na mabega isiyo na jeraha, na mkato wa kisu kooni humwongezea fundi kazi ya kushona. Fuvu halihitaji ngozi hata kidogo. Shingo ile, kwa upande wetu, haikuwa na kazi nyingine isipokuwa kupitishiwa kisu.

Uwindaji wenyewe sitausema sana. Tuliketi katika dungu la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, ndani mna zulia na viti vya ofisini vya kuzunguka, na mbele yetu palikuwa na pipa la miguu mitatu lililotegeshwa saa. Saa ilipotimia pipa likanguruma na kutawanya mahindi, na kabla halijanyamaza kulungu walikwisha kujitokeza vichakani, kwa sababu wameizoea sauti hiyo tangu udogo. Mjomba wangu, aliyefanya kazi ya kufuatilia nyayo katika vitalu vya uwindaji wa kitalii vya Selous kabla sehemu kubwa ya pori hilo haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, angedhani ninamtania. Hata hivyo niwe mkweli: katika jimbo hili kumwaga mahindi kunaruhusiwa hata kwenye mashamba yasiyo na uzio mrefu, na zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo mtu asiyerithi shamba mara nyingi hana budi kumlipa mwenye nalo. Hilo sikulilalamikia siku ile na silalamikii sasa.

Nilisoma bismillahi, nikafyatua, kulungu akaruka, akakimbia hatua chache na kuanguka. Tulipomfikia macho yalikuwa wazi na mbavu zinapanda na kushuka. Hapo ndipo nilipokamatwa mkono. Nikamwambia yule mwongozaji, kwa adabu ambayo sasa naijutia, kwamba ngozi hatuichukui na kwamba ofisi yake ina habari. Akajibu kwamba ngozi tusiyoichukua sisi hubaki kuwa ya ranchi, na kwamba wako mafundi wanaoinunua kwa ajili ya vichwa vya kulungu wa wateja wengine ambao ngozi zao ziliharibika. Yaani mnyama nimelipia mimi, nyama ni yangu, pembe ni za shemeji, lakini koo lake limekwisha kuuzwa kwa mtu nisiyemjua. Nilipotaka kubishana shemeji akasema, "Shemeji, acha kwanza, mnyama anateseka." Mwongozaji akaona hiyo ndiyo ruhusa: akarudi nyuma kidogo na kumpiga risasi ya pili nyuma ya bega, mahali ambapo, kama alivyotueleza kwa fahari, ngozi haipati hasara.

Kisha akatoa futi mfukoni. Damu ilikuwa bado inatoka puani.

Hapa inabidi nieleze jinsi wanavyouza. Kulungu wa ranchi hizi wana bei kwa madaraja ya inchi: hujumlishwa upana wa kati ya pembe, urefu wa mashina yake, urefu wa kila ncha na mizingo minne kila upande, na mnyama akivuka daraja bei nayo inavuka. Karatasi tuliyotia saini ilisema kwamba wanapima kwa mtindo wa Boone and Crockett, klabu ya wawindaji iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887. Nilikuwa nimeusoma mtindo huo. Unataka pembe zikae zikauke siku 60 kabla ya kupimwa, unapunguza tofauti kati ya upande wa kulia na wa kushoto, na hauhesabu ncha isiyofika inchi moja. Bwana huyu alipima papo hapo, hakupunguza chochote, na akahesabu kichomozo kilichokuwa karibu na kichwa ambacho nilikuwa na hakika kwamba hakifiki. Shemeji ni fundi cherehani, futi ndiyo riziki yake, na hakuhitaji kuinama mara mbili kuona kwamba kipimo cha kichomozo kile kilianzia chini ya mahali kinapotokea. Jumla ikapita daraja letu kwa chini ya nusu inchi, na nusu inchi hiyo iligharimu dola mia nane. Klabu yenyewe, nisisahau kusema, haipokei katika kumbukumbu zake kulungu yeyote aliyepigwa ndani ya uzio wa namna hii, kwa kuwa inataka mnyama awe na nafasi ya kweli ya kuponyoka. Futi yao inaazimwa, sharti lao linaachwa getini.

Dola hizo walizirudisha baadaye, baada ya barua kadhaa, na hiyo ndiyo nyota ya pili. Kama ugomvi ungekuwa wa inchi, ningekwisha kuufunga.

Ugomvi wangu ni kwamba mpaka leo hawajaniambia kile walichoniuzia ni mnyama gani. Tulivyofundishwa madrasa, mnyama wa porini usiyeweza kumshika anahalalika kwa silaha iliyotajiwa jina la Mungu. Ukimkuta bado ana uhai wa kutosha na kisu unacho, unamchinja. Mnyama aliye mikononi mwako hawindwi kabisa. Mbuzi wa zizini humpigi bunduki ukamwita mawindo. Sasa huyu aliyeko nyuma ya futi nane za waya yuko upande gani? Shemeji alishikilia kwamba eneo la mamia ya ekari lenye vichaka si zizi, kwa kuwa hakuna mtu angeweza kumkamata kulungu yule kwa mikono, na kwa hiyo ni mawindo. Nilielekea kukubaliana naye mpaka tulipomgeuza. Sikio la kushoto lilikuwa na tundu la mviringo, kingo zake zimepona zamani, safi, kama lililotobolewa kwa koleo. Mwongozaji alisema ni miiba. Miiba haitoboi mviringo. Texas ina wafugaji wenye vibali vya jimbo ambao huzalisha kulungu katika mazizi, huwavisha alama masikioni, huchagua madume kwa ukubwa wa pembe za baba zao, kisha huwauzia wenye ranchi ili waachiliwe ndani ya uzio. Kulungu wa namna hiyo amelishwa kwenye kihori na kuzoea harufu ya binadamu. Sioni namna ya kumwita mawindo bila kuona haya.

Sheria nayo haiwasaidii. Texas inasema kulungu ni mali ya wananchi wa jimbo, hata aliye ndani ya uzio, na mwaka 2019 mahakama ya rufaa mjini Austin ilikataa hoja kwamba wale waliozaliwa mazizini kwa kibali ni mali binafsi ya mfugaji. Kwa hiyo kwenye sheria ni mnyama pori wa umma, kwenye orodha ya bei ni bidhaa ya kupimwa kwa futi, na sikioni ni mfugo. Wao huchagua jina linalowafaa kwa saa hiyo. Nilipouliza kabla ya kulipa kama nitarudishiwa fedha nisipopata mnyama, niliambiwa kwamba huu ni uwindaji, na porini hakuna dhamana. Nilipotaka kumchinja, ghafla akawa mali yenye thamani inayotakiwa kulindwa dhidi ya kisu changu.

Wamarekani wenyewe hawajakubaliana. Wapiga kura wa Montana walipiga marufuku mwaka 2000 kulipisha watu ili wapige wanyama wa mashambani. Wa Dakota Kaskazini walipoulizwa jambo la kufanana na hilo mwaka 2010 walikataa marufuku. Wapo pia wanaohofia ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, ule unaokula ubongo taratibu, ambao ulitambuliwa kwanza mwaka 1967 katika kulungu waliofugwa kwa utafiti huko Colorado, na ambao kisababishi chake hakifi kwa kupikwa. Texas iliuona mwaka 2012 katika kulungu wa porini wa magharibi ya mbali, na mwaka 2015 ukakutwa kwenye zizi la mfugaji katika kaunti ya Medina, jirani kabisa na tulikokuwa. Haujathibitishwa kumpata binadamu, lakini mamlaka za afya zinashauri mtu asile nyama ya mnyama aliyekutwa nao, nami nikaomba kipimo. Majibu yalikuwa mazuri. Ila sampuli ya kipimo hicho huchukuliwa kwenye tezi za koo na kwenye shina la ubongo, maana yake shingo ile ilikuja kupasuliwa, mara tu ngozi ilipokwisha kuvuliwa salama kwa ajili ya mnunuzi wake.

Nasema haya yote nikiwa sina chuki na uzio wenyewe. Choroa wa Sahara, wale wenye pembe zilizopinda kama jambia, walitangazwa mwaka 2000 kuwa wametoweka porini, na ranchi za Texas zilikuwa miongoni mwa sehemu walikobaki kwa wingi; tangu mwaka 2016 aina hiyo imeanza kurudishwa Chad. Uzio unaweza kuhifadhi. Mwenye ranchi anayelipwa na wawindaji ana sababu ya kutogawa ardhi yake viwanja vya nyumba, na hilo nimelikubali hata mbele ya rafiki zangu wanaotaka biashara hii ifungwe yote.

Lakini kila ninapofika hapo namkumbuka mjomba na hasira zinanirudia upya. Selous wageni walikuwa wakitaka vichwa vya kutundika kuliko hata hawa, wamevuka bahari kwa ajili hiyo, na wafuatilia nyayo wengi walikuwa Waislamu wa Rufiji. Mnyama akianguka hai, mjomba alipewa nafasi. Alikata, mwindaji bingwa akasubiri, na fundi akaja kushona baadaye. Ada ya nyati ilikuwa ada ya nyati, hakuna aliyetoa futi ili kumwongezea mgeni deni. Ikiwa hilo liliwezekana mbele ya nyati anayeweza kukuua, sioni kwa nini lishindikane kwa kulungu aliyetoka kula mahindi ya pipa, tena wa mteja asiyetaka ngozi.

Nyama hatukuila. Sheikh wetu hapa Houston alisikiliza kisa chote, akauliza kama nilikuwa na uwezo wa kuchinja na nikazuiwa, kisha akasema jambo lenye shaka liachwe. Nilimpa Mkongo mmoja tunayefanya naye kazi, naye ananisifia mpaka leo kwamba ilikuwa laini, sifa ambazo kusema kweli zinanikera. Kwa hiyo ile nyota ya kurudishiwa dola naiondoa. Kumrudishia mtu fedha uliyomzidishia hakustahili nyota.

Wiki hii wamejibu barua yangu ya mwisho. Hawakuomba radhi kwa kushikwa mkono, ila meneja ameandika kwamba nikirudi msimu ujao nichukue jike, kwa nusu bei, kwa sababu jike hana pembe, ngozi ya shingo yake haina mnunuzi, na ninaweza kumchinja nitakavyo. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na bado sijui kama ni tusi au ni jibu la kwanza la kweli nililopata kutoka kwao. Shemeji anasema twende. Nimewajibu kwamba nitakwenda iwapo neno la kuchinja litaandikwa kwenye karatasi ya mkataba, pamoja na jina la mwongozaji atakayekuwa nasi, na asiwe yule.