Tahadhari: Fundi wa Gemu za Zamani Anayerudisha Ganda na Kubaki na Mashine

Ndugu zangu wa Lamu na Malindi mnaohifadhi mashine za gemu za zamani, nawatahadharisha juu ya fundi mmoja wa Malindi anayejitangaza kuwa hufufua Sega, Nintendo na PlayStation za kwanza. Mimi nilimpelekea mashine nzima yenye hitilafu ndogo, naye akanirudishia ganda langu likiwa na matumbo ya mashine nyingine. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko polisi, lakini mwenendo wake nitaueleza kwa urefu ili atakayekutana naye amtambue.

Mashine yenyewe ni Mega Drive ya Sega ya umbo la kwanza, ambayo mjomba aliileta kutoka Dubai tulipokuwa watoto. Ilikuwa ikicheza vizuri, ila ukigusa waya wa umeme ilizimika. Kwa kawaida hitilafu ya namna hiyo hutokana na lehemu iliyopasuka kwenye tundu la adapta, na kwetu Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, ambako hewa ya chumvi haiachi chuma salama, si jambo la kushangaza. Ni kazi fupi kwa mwenye mkono wa kulehemu, na mimi sina mkono huo. Kabla ya kuifunga niliifungua, nikaifuta vumbi na kupiga picha mbili za bodi yake, yaani kibao cha ndani chenye saketi, si kwa werevu wowote bali kwa kupenda kuitazama. Kisha nikaivusha hadi Mokowe na kuipakia kwenye basi la Malindi.

Fundi alitaka shilingi 1,500 za kuanzia. Ujumbe wa M-Pesa ulionyesha jina jingine kabisa, nami nikanyamaza. Kosa hilo ni langu. Baada ya juma moja alinitumia picha ya bodi iliyoota kutu ya kijani, akaniambia, “Kaka, chipu kubwa imekufa, na hapa Malindi haipatikani, yataka iagizwe Nairobi.” Akaomba shilingi 4,000 zaidi, nami nikazituma usiku ule ule bila kulinganisha picha yake na zangu. Laiti ningelinganisha, ningeona mapema kwamba bodi ile haikuwa yangu. Ndani ya mashine yetu kuna kipande cha alumini kinachopoza vidhibiti vya umeme, na juu yake mjomba, ambaye alikuwa na tabia ya kutia alama kila chombo chake, alikwaruza herufi mbili kwa msumari. Katika picha ya fundi alumini ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo.

Mashine iliporudi niliinyanyua kwa mkono mmoja nikashtuka kwa wepesi wake. Nilipoiwasha, gemu ilianza moja kwa moja, ilhali yetu ni ya toleo lile ambalo hutanguliza maandishi ya leseni ya Sega kwenye kioo kabla ya gemu kuanza. Muziki nao ulikuwa umepinda, kama tarumbeta inayopulizwa na asiyejua. Nikatwaa bisibisi. Ndani nilikuta bodi ndogo isiyozidi kiganja, imegandishwa kwa gundi, na katikati yake tone jeusi mfano wa lami. Mega Drive ya umbo la kwanza ina prosesa ya 68000, chipu inayoendesha mashine nzima, inayoonekana waziwazi, ndefu yenye miguu 64, na haiwezekani kuidhania kuwa kitu kingine. Mashine za kuiga huificha saketi yote chini ya tone kama lile. Sina ugomvi na mashine za kuiga, maana wengi wetu tulikulia na zile za kaseti za manjano zilizojigamba kuwa na gemu 9,999,999 ilhali zilikuwa chache zinazojirudia. Ugomvi wangu ni kuuziwa mashine hiyo ndani ya ganda langu mwenyewe.

Nilipomuuliza alijibu kwamba bodi ya zamani ilikuwa imeoza na ameitupa, kisha akanifungia simu. Majuma mawili baadaye palitokea tangazo la Mega Drive “iliyofufuliwa”, kwa nambari nyingine lakini meza ile ile ya picha. Alumini inaonekana upande mmoja, na ina mikwaruzo. Picha imefifia, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa ni herufi za mjomba.

Tangu nianze kuulizia, wenzangu wawili wamenieleza yao. Wa Shela alipeleka PlayStation ya kwanza iliyokuwa ikikwamakwama kwenye video, akarudishiwa ikiwa na lenzi ya kusomea diski iliyochakaa zaidi ya yake. Wa Malindi aliuziwa Super Famicom, mashine ya Nintendo ya Japani, pamoja na adapta yake ya asili, akaambiwa aichomeke ukutani bila wasiwasi. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 240; adapta ilitoa moshi siku ile ile, na fundi akasema mteja ndiye aliyeiunguza.

Kwa hiyo, anayetaka kumpa fundi yeyote mashine yake aifungue kwanza, apige picha ya bodi pande zote mbili na ya nambari iliyo chini ya ganda, na atie alama mahali pasipoonekana upesi, hata kwa tone la rangi ya kucha. Fundi akisema kifaa kimekufa, mwambie akupigie video akiwa ameshika bodi yenye alama yako, na kifaa hicho kibovu akurudishie hata kama hakina kazi tena. Jina la M-Pesa likitofautiana na la fundi, usitume kitu. Na ukiwa umeshatapeliwa, andikisha polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, ukihifadhi ujumbe wote, kwa sababu kupata mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3.

Kama yupo aliyenunua Mega Drive karibuni hapa pwani, namsihi aifungue na kutazama alumini iliyo ndani. Akikuta herufi A na S zimekwaruzwa kwa msumari, aniandikie. Sitamlaumu, na fedha alizotoa nitamrudishia zote.