Kibanda cha kahawa cha njia ya Menengai: kikombe kizuri, ila usinywe kwa kuiga

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoitafuta: kikombe kidogo shilingi 100, kikubwa 150, mandazi 20. M-Pesa inakubalika. Kibanda chenyewe ni cha mabati ya kijani, kando ya barabara ya kupanda Menengai kutoka Milimani hapa Nakuru. Jumamosi alfajiri utakuta wakimbiaji na watu wa baiskeli wamepanga foleni, wengi wakitaka "dawa ya mlima": kahawa nzito ya kunywa kabla ya kupanda hadi ukingoni mwa kreta, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari.

Kahawa ni nzuri, hapo sina ubishi. Kijana anayeuza hana habari na unga wa kopo. Anasaga buni ya arabika ukiwa umesimama hapo hapo, anaipima kwenye mizani ndogo kama ya sonara, gramu 15 kwa kikombe kidogo na 22 kwa kikubwa, kisha anaitia kwenye kichujio cha karatasi. Anamwagia maji kidogo, anangoja unga uvimbe na kutoa povu, halafu anaendelea kumwaga taratibu akizungusha birika. Ukiharakisha anakutazama tu. Inatoka safi, ina uchachu kidogo, na haihitaji sukari.

Ile mizani ndiyo iliyonifanya mteja. Mimi ni mwalimu wa biolojia na napenda kujua ninachokunywa. Kafeini ya arabika ni kama asilimia 1.2 ya uzito wake, kwa hiyo gramu 15 zina takriban miligramu 180, na sehemu kubwa yake huishia kikombeni. Nina kilo 60. Hapo nakaribia miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili, na wataalamu wa lishe ya michezo hutaja 3 hadi 6 kuwa ndicho kiwango kinachosaidia, ukinywa kama saa moja kabla ya zoezi. Kwingine mjini ukiuliza kahawa ina nguvu kiasi gani unajibiwa, "Iko sawa, madam."

Sasa ngoja niseme la foleni, kwa sababu pale kila mtu ni daktari. Shemeji yangu ana kilo 85 na hunywa kikombe kikubwa. Pigeni hesabu: kwa kila kilo tunapata karibu kiasi kilekile. Yeye anapanda na baiskeli yake akipiga stori njia nzima, na jioni anaongeza kahawa nyingine kisha analala fofofo. Mimi nikimaliza kikombe changu kidogo, vidole vinatetemeka, moyo unadunda hata kabla mlima haujaanza, na usiku niko macho saa nane nikisikiliza mbwa wa jirani. Jibu la shemeji ni moja tu: "Utazoea." Sijazoea.

Uzito hautoshi kueleza mambo haya. Kafeini huvunjwa hasa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A2, na jeni yake haifanani kwa watu wote. Mwaka 2018 watafiti wa Toronto walichapisha matokeo ya wanamichezo 101 walioendesha baiskeli kilomita 10. Aina tatu za jeni hiyo huitwa AA, AC na CC. Kwa miligramu 4 za kafeini kwa kilo, wenye aina ya AA walipunguza muda wao kwa asilimia 6.8. Wa AC hawakuona tofauti. Wa CC walichelewa kwa asilimia 13.7! Tafiti nyingine hazijakubaliana zote na hiyo, na wale 101 walikuwa wanaume watupu, kwa hiyo siwezi kujibandika herufi zangu kwa kutetemeka vidole. Lakini ukimwona mtu "dawa" imempandisha mlima, hiyo ni habari ya ini lake.

Kina mama na kina dada, hili ni letu: tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni hupunguza kasi ya ini kuondoa kafeini. Kwa wastani nusu yake huondoka damuni baada ya saa tano hivi. Kwa anayetumia tembe hizo muda huo unaweza kukaribia maradufu. Mvutaji sigara naye huimaliza haraka kuliko wengine. Foleni nzima haijui haya, na bado inakushauri uongeze.

Huduma ndiyo inayompa kijana alama zangu. Nilipomwambia kikombe kizima kinanisumbua, hakubishana wala kunicheka. Alipunguza hadi gramu 8 na kunitoza shilingi 60. Siku hizi ananiuliza kabla sijafungua mdomo, "Madam, leo ya nusu ama kamili?" Ya nusu inanitosha: naamka vizuri, miguu inaitika, na usiku nalala. Kama nakimbia kwa kasi zaidi kuliko bila kahawa, saa yangu haijaonyesha, na mimi siendi pale kutafuta medali. Kwa wenye mashindano: WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, iliondoa kafeini kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 2004, msitishwe na wa foleni wanaosema imekatazwa.

Kasoro ni choo. Hakipo. Kahawa huamsha utumbo wa watu wengi, mwingine ndani ya dakika chache tu, na mnauziwa kitu hicho mguuni pa mlima! Kila Jumamosi kuna mtu anayeaga ghafla na kuomba boda imrudishe mjini. Kasoro nyingine ni vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu alivyopanga pembeni. Kuna vijana wanaoshushia kahawa navyo, na yeye anauza tu.

Nyota nne kati ya tano. Jumapili hafungui. Fika kabla ya saa moja, mandazi huisha mapema, na ukienda mara ya kwanza agiza ya nusu hata kama haimo kwenye kibao cha bei.