Glavu za ngozi ya sili kutoka Newfoundland: ghali, lakini nunueni

Waswahili wenzangu mlioko Kanada, kila baridi ikianza mnaulizana mvae nini mikononi. Jibu langu ni glavu za ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi. Bei yake inauma, na kuhusu mnyama mwenyewe mtasikia maneno mengi ambayo itabidi muyapime, ila kwa hali ya hewa ya huku sijaona za kuzishinda.

Zangu nilizinunua St. John's, mji wa kisiwa cha Newfoundland, mashariki mwa Kanada, kwenye duka dogo la kazi za mikono katikati ya mji. Dola 165 za Kanada, na kodi ya asilimia 15 juu yake, ikakaribia 190. Ni zile ambazo kidole gumba kina chumba chake na vidole vinne vinakaa pamoja vikipeana joto. Upande wa juu ni manyoya ya sili, kiganjani ni ngozi laini ya ng'ombe, na bitana ni ya sufu ya kondoo.

Baridi ya St. John's si kavu kama ya Winnipeg. Hapa theluji inageuka mvua, mvua inageuka barafu, na upepo wa Atlantiki unakupiga nayo usoni. Glavu za kufuma zinalowa kabla basi halijafika kituoni. Manyoya ya sili ni mafupi, magumu kidogo, na yamelala upande mmoja. Ni kama magamba ya samaki: ukipapasa kuelekea kwenye vidole yanateleza, ukirudisha mkono yanakwaruza. Maji yanafuata ulalo huo na kudondoka. Theluji nayo haigandi juu yake; unakung'uta mara moja, basi. Rangi ni fedha yenye madoa meusi, hakuna pea mbili zinazofanana, na ukizisogeza dirishani zinang'aa bila kupakwa chochote.

Sasa tuje kwenye mnyama. Wengi mnaijua picha ya kitoto cha sili cheupe chenye macho makubwa meusi. Mwaka 1977 Brigitte Bardot, mwigizaji wa filamu wa Ufaransa, alikuja hadi kwenye barafu ya huku kupinga uwindaji, na picha za aina hiyo zikaenea dunia nzima. Kitoto hicho cheupe kimepigwa marufuku kuwindwa kibiashara Kanada tangu 1987. Lakini mjue pia kwamba wengi wanaowindwa leo bado ni wadogo, wa wiki kadhaa au miezi, ambao manyoya meupe yamekwisha kupukutika. Mama huwanyonyesha siku kama 12 tu, kisha huondoka. Kuna muuzaji alinizungusha nilipomuuliza umri wa mnyama, na hilo halikunipendeza. Mteja anayetoa pesa yake aambiwe ukweli, aamue mwenyewe.

Mimi nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo mbuzi wa Idi anachinjiwa uani na watoto tunaona. Kwa mnyama yeyote nauliza mambo mawili: ameuawa haraka? Na jamii yake inabaki? Kanuni za hapa zinamtaka mwindaji ampige sili kichwani kwa risasi au kwa rungu, ahakikishe fuvu limevunjika, kisha amtoe damu kabla ya kumchuna. Na sili hawa wa kaskazini-magharibi mwa Atlantiki bado ni mamilioni. Kwangu hayo yanatosha. Kama kwako hayatoshi, nakuheshimu, vaa sufu.

Kilichonisukuma zaidi ni watu. Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi wa chewa wa kaskazini (cod) kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha, na vijiji vizima vya Newfoundland vikabaki bila kazi. Kwa mvuvi wa mashua ndogo, sili wa majira ya machipuko ni nyongeza ya kipato pembeni ya kaa na kamba. Na si kazi ya mchezo. Mwaka 1914 wawindaji sili 78 wa meli iliyoitwa Newfoundland walikufa kwa dhoruba wakiwa wameachwa juu ya barafu, na siku zilezile meli ya Southern Cross ikapotea na watu wake wote 173. Ukifika Elliston, kijiji cha huku Newfoundland, utaiona sanamu ya Reuben Crewe na mwanawe Albert John, waliokutwa wameganda wakiwa wamekumbatiana. Nilisimama pale muda mrefu.

Wainuiti, wenyeji asilia wa Aktiki, ndio walioumia pasipo kosa. Wao huwinda sili kwa ajili ya chakula, na ngozi huuzwa kupata pesa ya mafuta na risasi. Ulaya ilipozuia ngozi za vitoto vyeupe mwaka 1983, bei ya ngozi zote ilianguka, hata za sili wakubwa wa Aktiki ambao hawakuwa wamekatazwa. Sheria ya Ulaya ya 2009, iliyozuia biashara ya bidhaa za sili, imewaachia Wainuiti mlango wao, lakini mnunuzi aliyekwisha kuogopa haulizi ngozi imetoka kwa nani. Kwa hiyo ukipata glavu au mabuti yaliyoshonwa na mama wa Kiinuiti wa Nunavut au Labrador, anza na hayo, hata yakizidi bei.

Hapo ndipo ninapopunguza alama za zangu. Lebo imeandikwa "Kanada" tu. Haisemi ngozi imetoka bandari gani wala nani ameshona. Nyuzi za pembeni mwa gumba nazo zimeanza kulegea, na kwa dola 190 sikutarajia hilo.

Kuzitunza ni rahisi: zikilowa, zining'inize mahali penye hewa. Usiziweke juu ya hita, ngozi itakakamaa na kupasuka. Mashine ya kufulia usiifikirie kabisa.

Ndugu wa Minneapolis na Boston mnaoniomba niwatumie, haiwezekani. Marekani imezuia kuingiza bidhaa za wanyama hawa tangu sheria yao ya 1972, na hata mimi nikivuka mpaka kuja kuwaona naziacha nyumbani.

Mkienda kununua, zijaribuni mkiwa mmevaa glavu nyembamba ndani. Saizi za kike zinabana kwenye kifundo cha mkono. Mimi nilichukua ya kiume, ndogo, na mkono wa koti unaingia vizuri. Alama zangu ni nne kati ya tano.